Kuchekesha Bila Maneno Kwenye Filamu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Vijana wa Mtwara na Lindi

Maswali haya yanatoka kwa vijana wanaopiga filamu fupi kwa simu zao, kuanzia Mtwara mjini na Mikindani hadi Masasi, Lindi na Kilwa Masoko. Wengi walianza na vichekesho vya kusema, sasa wanataka kuchekesha kwa mwili. Nimejibu kwa urefu pale ambapo wengi hukwama. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: mtazamaji hucheka kwa dhati akishajua mtu anataka nini kabla mambo hayajamharibikia. Karibu kila jibu hapa chini linarudi hapo.

Kwani maigizo bubu si kukunja uso na kupiga mweleka tu?

Kukunja uso ni sehemu ndogo, na mara nyingi ndiyo ya kupunguza. Mtazame Buster Keaton, Mmarekani aliyezaliwa 1895 na kupandishwa jukwaani na wazazi wake angali mtoto mdogo. Kwenye filamu zake anakimbizwa na polisi, anapeperushwa na dhoruba, anaachwa na treni, na uso wake unabaki uleule mkavu. Watu wanavunjika mbavu kwa sababu hofu na aibu ambazo hazionyeshi, wao ndio wanazijaza. Ukimkenulia mtazamaji meno ili ajue hapa ndipo pa kucheka, umemnyang'anya kazi yake.

Charlie Chaplin alikuwa na uso unaosema zaidi, lakini hata kwake mzigo mkubwa unabebwa na miguu, kofia na bakora. Yule mzururaji aliyekuwa akimwigiza alionekana kwa mara ya kwanza mwaka 1914: koti la kubana, suruali pana, viatu vikubwa kupita kiasi. Hajafanya lolote, tayari unajua huyu hana kitu ila anataka aonekane muungwana. Anachokitaka amekivaa.

Vijana wanataka mipasho na lugha ya mtaani. Nani atatazama filamu isiyo na maneno?

Haohao. Khaby Lame, aliyezaliwa Senegal na kukulia Italia, mwaka 2022 alikuwa mtu mwenye wafuasi wengi kuliko wote TikTok, na umaarufu huo aliupata kwa klipu ambazo hasemi neno. Anamtazama mtu anayehangaika na jambo jepesi, analifanya kwa njia ya kawaida, kisha anakunjua mikono. Mista Bini wa Rowan Atkinson alianza kurushwa Uingereza tarehe 1 Januari 1990, na hadi leo anachekesha kwenye vibanda umiza vyetu bila sauti ya mtafsiri juu yake.

Kwa sisi wa kusini kuna faida nyingine. Filamu ya maneno ya Kiswahili ikivuka Ruvuma inapungua nguvu, maana ng'ambo shule na ofisi ni Kireno. Filamu ya mwili inavuka ikiwa nzima.

Na usidhani wachekeshaji wa maneno hawatumii mwili. Chukua filamu yoyote ya marehemu Mzee Majuto, Amri Athumani wa Tanga, aliyefariki mwaka 2018. Zima sauti. Tazama anavyogeuza shingo, anavyomkazia mtu macho, anavyokaa kitini. Bado utacheka.

Nianze na zoezi gani?

Ndoo. Jaza maji ndoo ya lita 20, ibebe kwa mkono mmoja kutoka bombani hadi mlangoni, mwenzako akurekodi mwili mzima. Kisha tazameni pamoja, taratibu. Bega la upande wa ndoo limeshuka. Kiuno kimesogea upande wa pili. Mkono mtupu umejiinua mbali na mwili kutafuta mizani. Hatua ni fupi, za haraka, na shingo imekaza.

Sasa iache ndoo na urudie safari ileile mikono mitupu. Karibu kila mtu anakunja ngumi vizuri na kusahau kiuno. Uzito hauko mkononi, uko kiunoni na kwenye nyayo. Rudia mpaka jirani anayepita aweze kusema umebeba kitu gani na kizito kiasi gani.

Kuna sehemu mbili ambazo wengi huziruka. Kabla ya kuinua, mwili hujikusanya: pumzi inaingia, magoti yanakunjika, ndipo mkono unavuta. Na wakati wa kutua, vidole hufunguka baada ya ndoo kugusa chini. Wanaoanza hufumbua vidole ndoo ikiwa bado hewani, na hapo mtazamaji anaacha kuamini.

Ukishaiweza ndoo, badilisha uzito. Gunia la korosho begani. Sinia la ming'oko kichwani. Mtoto aliyelala.

Na ule ukuta usioonekana?

Jifunze, lakini usiufanye ndiyo sanaa yako. Siri yake ni nukta isiyohama. Mkono ukiwa njiani vidole vimelegea. Unapogusa, kiganja kinatanuka na kusimama ghafla. Halafu kiganja kinabaki palepale hewani huku kiwiliwili kikisogea. Mfaransa Étienne Decroux aliusomesha mwili kwa nidhamu ya namna hii, na mwanafunzi wake Marcel Marceau (1923–2007) aliipeleka dunia nzima kupitia mhusika wake Bip.

Jukwaani ukuta huo unapendeza, kwa kuwa jukwaa ni tupu na watu wamekubali kuota. Filamu ina mlango halisi, ukuta halisi, mbuzi halisi, kwa hiyo mtu anayepapasa hewa katikati ya soko anaonekana amechanganyikiwa. Mimi nashauri nukta isiyohama uitumie kwa vitu vilivyopo. Mkono umenasa ndani ya mtungi. Mlango umegoma. Ndara imeganda kwenye matope. Mkono au mguu unabaki pale pale na mwili wote unajadiliana nao.

Wazo la kichekesho linatoka wapi?

Kutoka kwa mtu mwenye haja moja na vitu vinavyomzunguka. Nitoe mfano ambao mtu yeyote wa huku ataufahamu. Kijana amevaa kanzu nyeupe, imepigwa pasi mpaka mistari inaonekana, anakwenda harusini Msangamkuu. Haja yake ni moja: afike na kanzu safi. Ni msimu wa mabibo, yale matunda ya mkorosho, na kila mtu huku anajua maji ya bibo yakigusa nguo hayatoki.

Sasa tembea naye. Kwenye kona kuna mama na beseni la mabibo. Kijana analiona, anakusanya kanzu kwa mikono miwili, anapita ubavu ubavu kama anayepita ukingoni mwa kisima. Amepita, anaachia pumzi. Mbele, watoto wawili wanarushiana mabibo. Anasubiri, anahesabu mwendo wa kurusha, anapenya katikati. Salama tena, na sasa hatua yake imeanza kuwa na maringo kidogo. Kwenye kivuko, mzee anayemheshimu anamkabidhi bibo kubwa jekundu, kwa mikono miwili, kwa upendo. Hawezi kukataa. Hawezi kulila bila kudondosha. Hana pa kuliweka.

Ona kilichotokea. Mara mbili hatari ilitoka kwa watu wasiomjali, na akaishinda kwa akili. Mara ya tatu inatoka kwenye adabu yake mwenyewe. Nikipewa nichague, hapo ndipo ningekaa muda mrefu zaidi kuliko popote: kijana, bibo, na mzee anayesubiri kwa tabasamu aone anavyolila. Doa lenyewe likija au lisipokuja si neno. Dakika moja ya kijana kutafuta njia ndiyo filamu.

Wanaokosea huanza na doa. Kijana anatokea, anamwagiwa, watu wanatoa macho, mwisho. Hatukujua kanzu ile ina thamani gani kwake, tutachekea nini?

Hadithi yangu ina jambo linalohitaji kuelezwa. Nitalieleza vipi bila mtu kusema?

Hili ndilo swali gumu kuliko yote, na jibu zuri ninalolijua liko kwenye filamu ya Chaplin ya mwaka 1931, iitwayo kwa Kiingereza City Lights. Sauti ilikwisha kuingia kwenye sinema miaka minne nyuma, yeye akaendelea bila maneno, akaweka muziki tu na vishindo vichache. Hadithi ilimtaka msichana kipofu, muuza maua, aamini kwamba yule mzururaji ni tajiri. Mzururaji hasemi. Msichana haoni. Utafanyaje?

Chaplin alirudia kuipiga sehemu hiyo mara mamia. Alichofikia ni hiki. Barabara imejaa magari, mzururaji anataka kuvuka, anapita ndani ya gari la kifahari lililosimama, anatokea upande wa pili na kufunga mlango. Msichana anageuza kichwa: amesikia mlango wa gari. Anamnyooshea ua. Mzururaji anatoa sarafu yake. Kabla hajapewa chenji, mwenye gari anarudi, anaingia, mlango unafungwa, gari linaondoka. Msichana anadhani bwana mkubwa ameondoka na kumwachia chenji. Mzururaji yuko palepale hatua chache, ameelewa, na anaondoka kwa ncha za vidole asije akamvunjia ile ndoto.

Hakuna mtu aliyeeleza kitu. Kuna mlango, kichwa kilichogeuka, na chenji. Kwa hiyo ukikwama, usiulize «aseme nini». Uliza ni kitu gani kidogo mtu huyu anaweza kukisikia, kukishika au kukikuta mahali ambacho kitampa wazo sahihi au lisilo sahihi. Kwenye hadithi zetu kinaweza kuwa risiti ya mnada wa korosho iliyodondoka mfukoni mwa mtu asiyestahili, au honi ya basi la Dar ambayo abiria anaisikia akiwa bado chooni.

Mazoezini wenzangu wanacheka, kwenye video hawacheki. Kwa nini?

Tisa kati ya kumi, kamera iko karibu mno au imekatwakatwa mno. Mwili unahitaji nafasi. Weka simu kwenye stendi, irudishe nyuma mpaka miguu na kichwa vionekane na pabaki nafasi ya mtu kuangukia, kisha iache. Mfaransa Jacques Tati alijenga filamu zake kwa picha pana ambazo jicho lako ndilo linachagua pa kutazama, na kwenye filamu yake ya 1967, Playtime, mara nyingine kuna mambo matatu yanayochekesha kwenye fremu moja kwa wakati mmoja.

Kukata picha katikati ya tendo kunaleta shaka. Mtu anateleza, unakata, yuko chini: mtazamaji anahisi umemdanganya. Kuteleza na kuanguka viwe kwenye shoti moja. Uso wa karibu uuhifadhi kwa lile jambo moja ambalo halionekani kwa mbali, kwa mfano jicho la kijana wetu anapolitazama lile bibo.

Jambo la pili ni subira. Baada ya tendo, acha kamera iendelee. Mtu ameanguka, ametazama pembeni kuona kama kuna aliyemwona, amejifanya anatafuta kitu chini. Kule kujibaraguza kunachekesha kuliko kuanguka, na wahariri wengi wa huku wanaikata sehemu hiyo kwa kuogopa klipu kuwa ndefu.

Simu inatosha?

Inatosha. Nunua stendi kabla hujafikiria kamera.

Tupige picha saa ngapi?

Asubuhi hadi kama saa tatu, na jioni kuanzia saa kumi. Mtwara iko karibu nyuzi 10 kusini mwa ikweta, hivyo mwezi Oktoba na Februari jua la adhuhuri linasimama utosini kabisa. Macho yanaingia gizani chini ya nyusi na kivuli cha mwili kinajificha chini ya miguu. Ukitegemea macho, umeyapoteza.

Upepo wa kusi usiulaani. Hautakuharibia maongezi kwa kuwa hakuna maongezi, na ufukweni Shangani unakupa mwigizaji wa bure: kofia inayokimbia, mwavuli unaopinduka, khanga inayomfunika mtu uso. Fanya mazoezi nao. Chagua nguo nyepesi zinazoonyesha kila pigo lake.

Nawezaje kuanguka bila kuumia?

Soma jibu hili mara mbili. Harold Lloyd, aliyening'inia kwenye mshale wa saa ya ghorofani katika filamu ya 1923, alikuwa amepoteza kidole gumba na cha shahada cha mkono wa kulia mwaka 1919, bomu alilodhani ni la kuigizia lilipolipuka wakati anapigwa picha. Keaton alivunjika mfupa wa shingo akipiga filamu ya 1924 na hakujua mpaka daktari alipouona miaka mingi baadaye. Walikuwa mabingwa waliokulia kwenye kazi hii.

Anza chini. Kaa mchangani, jilaze nyuma ukiwa umeingiza kidevu kifuani ili kisogo kisiguse. Kisha fanya hivyo kutoka kuchuchumaa, na baada ya wiki kadhaa kutoka kusimama. Gusa chini kwa sehemu zenye nyama, matako, paja, bega la nyuma, na usambaze pigo kwenye eneo kubwa. Usinyooshe mkono kuzuia mwili, maana kifundo cha mkono ndicho huvunjika kwanza. Toa pumzi unapoanguka. Aliyeshikilia pumzi anakuwa mkavu.

Mchanga uchunguzeni kwa mikono kwanza. Fukwe zetu nyingi zina mawe ya matumbawe yaliyofukiwa juu juu, na yanakata. Usianguke kwenye lami, kwenye ngazi za saruji, wala kutoka kwenye bodaboda inayotembea, hata kama umeona Jackie Chan akifanya zaidi. Yeye alilelewa tangu utotoni kwenye shule ya opera ya Kichina huko Hong Kong, akifunzwa sarakasi kila siku.

Na kumbuka kamera inasaidia. Saa ya Lloyd ilijengwa juu ya paa la jengo, chini yake kukiwa na jukwaa lenye magodoro. Engo ndiyo iliyoficha. Ukuta wa futi nne ukipigwa kutoka chini, mbingu ikiwa nyuma, unaonekana mrefu wa kutisha. Hakuna kicheko chenye thamani ya shingo ya mtu.

Niongeze kasi ya video ionekane ya zamani?

Kidogo sana. Kamera za enzi zile zilizungushwa kwa mkono, picha zikachukuliwa chache kwa sekunde kisha zikaonyeshwa kwa kasi, na mafundi walifanya hivyo kwa makusudi. Asilimia 10 inaongeza wepesi. Ukipandisha maradufu unapoteza uzito wa mwili, na ndoo yako yote imekwenda bure.

Muziki na sauti je?

Bila maneno, sauti zinakuwa nzito. Kwenye filamu ya Tati ya 1953 kuna mlango wa chumba cha kulia chakula hotelini unaotoa mlio uleule kila ukipita mtu, na mlio huo peke yake ni mhusika. Rekodi sauti zako baadaye, mahali pa kimya: ndara kwenye sakafu, mfuniko wa sufuria, bawaba yenye kutu. Chagua moja mbili. Zile sauti za kopo za «toing» na vicheko vya bandia ziacheni kabisa. Zinamwambia mtazamaji kwamba hamkujiamini.

Naruhusiwa kuiga kilema, mlevi au mzee?

Nina msimamo mkali hapa. Kumwigiza mtu mwenye ulemavu ili ulemavu wake uchekwe ni uonevu, na pia ni uvivu wa ufundi, kwa sababu unachekea alivyo mtu na si anachokitaka. Tukimwonyesha mwenye mkongojo, awe ndiye mwerevu wa sini, naye tumwalike mwenye mkongojo wa kweli aigize. Mzee mwenye miguu mizito anayekataa katakata kushikwa mkono anachekesha kwa heshima zote: anachotaka ni hadhi yake, na sote tunaielewa. Mlevi vivyo hivyo. Mlevi mzuri wa filamu ni yule anayejitahidi kutembea wima kuliko mtu yeyote barabarani.

Ngoma zetu zina nafasi gani katika hili?

Kubwa, na inanishangaza tunavyoipita. Mcheza kinyago wa Kimakonde, midimu upande wetu na mapiko upande wa Msumbiji, ana uso wa mti usiobadilika. Kila kitu anakisema kwa shingo, kiuno na mapigo ya miguu, na watu wanaelewa kabisa kama kinyago kina kiburi, kina hasira au kimeona haya. Ndiyo kazi ileile aliyofanya Keaton kwa uso wake wa nyama. Wako pia wanaocheza juu ya magongo marefu, na jinsi wanavyocheza na hofu yetu ya kuwaona wakianguka ni darasa tosha la mizani.

Jifunze kwa kutazama na kwa kuomba ruhusa. Ngoma hizi zimefungamana na jando na unyago na zina ya ndani yasiyoanikwa. Wazee watakuambia mpaka uko wapi. Ukiambiwa hapa hapapigwi picha, zima simu. Kanuni ya mwendo unaweza kuichukua. Kinyago chenyewe usikibebe kwenda kuchekeshea.

Mimi ni msichana, nyumbani wanasema kujiangusha ni kazi ya wanaume.

Waambie kwamba mwaka 1914, Chaplin alipokuwa mgeni kwenye filamu, Mabel Normand alikuwa nyota tayari na ndiye aliyemwongoza katika baadhi ya filamu zake za mwanzo. Kisha tafuta mhusika wako katika maisha unayoyajua. Mama mwenye mtoto mgongoni, beseni kichwani na simu inayolia ndani ya pochi ana tatizo la kimwili ambalo mwanamume wa kulifikia simjui.

Pa kusomea ni wapi?

Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa, inafundisha sanaa za maonyesho, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina masomo ya sanaa bunifu. Kwa asiyeweza kusafiri, filamu nyingi za miaka ya 1910 na 1920 ziko bure mtandaoni. Tazama moja kwa wiki, mara tatu: ya kwanza ucheke, ya pili utazame miguu tu, ya tatu uandike kila tendo kwa mpangilio wake.

Tunahitaji kibali?

Filamu ya kuonyeshwa kwa umma iko chini ya Bodi ya Filamu Tanzania. Anzia kwa afisa utamaduni wa halmashauri yako, atakuelekeza. Eneo la bandari usilisogelee na kamera bila ruhusa, na sokoni zungumza kwanza na uongozi wa soko na wenye meza. Mama ambaye umemwomba vizuri atakuazima beseni lake, na pengine atakubali kuigiza.

Tumeonyesha, watu hawakucheka. Tufanyeje?

Onyesheni tena kwa watu wengine watano, bila sauti, na msiwatazame usoni mkisubiri. Filamu ikiisha waulize swali moja: yule mtu alikuwa anataka nini? Wakijibu kila mmoja lake, kosa liko mwanzoni, kwenye dakika ya kwanza; rudini mkapige upya namna anavyoingia. Wakijibu sawa wote na bado hawakucheka, kosa liko kwenye urefu. Ongezeni sekunde mbili za kamera kutulia baada ya tendo kubwa, punguzeni zile za kabla yake, kisha muwaite watu wengine watano.